Kibati kimoja, tripodi nzima?

Wadau, leo nina hasira. Tripodi yangu niliuziwa na mpagazi aliyeachiwa na mgeni wake akishuka Kilimanjaro. Sasa kile kibati kinachoshika kamera kimevunjika, na mahafali ndiyo hayo yanakuja. Picha za mahafali ndizo zinanilisha boom likichelewa. Dukani hapa Moshi naambiwa ninunue tripodi nzima. Nzima! Kwa kibati kisichozidi kiberiti!

Sikilizeni. Skrubu inayoingia chini ya kamera ni ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi, karibu kwa kampuni zote. Kiwango kipo, ISO 1222. Fundi wa kukereza vyuma anaichonga. Lakini kibati na betri, kampuni nyingi zina umbo lake. Huo siyo ufundi jamani, ni mtego wa kutununulisha upya.

Na wakibanwa wanaweza! Umoja wa Ulaya uliamuru kamera mpya za kuchaji kwa waya ziwe na tundu la USB-C kuanzia Desemba 2024. Vibati na betri je? Tudai na sisi. Na kabla hujatupa kitu, kipeleke kwanza kwa fundi. Naomba kuwasilisha.