Yoga si Kunyoosha Viungo Tu

Nilipokuwa likizoni Isebania, mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniuliza iwapo inafaa kuwatajia wanafunzi wake yoga. Alipolitamka neno hilo darasani, baadhi yao walicheka wakidhani kwamba amesema uyoga. Wengine walinong'onezana kuwa huo ni ushetani, na mzazi mmoja akaja shuleni kulalamika. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sisi walimu, hata hivyo, tumeajiriwa kuisema maana hiyo.

Yoga imekwisha kubisha hodi kwetu. Tarehe 11 Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, nayo imeadhimishwa tangu mwaka 2015. Jijini Nairobi watu huhudhuria madarasa yake ili wanyooshe viungo na kutuliza pumzi. Anayeiogopa na anayeishabikia hufanana kwa jambo moja: wote wawili huutazama mwili tu.

Ilhali kitabu mashuhuri zaidi cha yoga, kinachonasibishwa na Patanjali na kukadiriwa na wataalamu wengi kuwa na umri wa miaka ipatayo 1,600, kina mafungu mafupi 195 hivi. Yanayohusu mkao wa mwili ni matatu pekee. Swali lake kuu ni hili: kwa nini binadamu anateseka, na atakombokaje? Jibu lake ni kwamba chimbuko la mateso ni avidya, yaani ujinga. Huu si ujinga wa kutojua kusoma, bali ni ule wa kukidhania kipitacho kuwa cha kudumu, na kuidhania miili na mali yetu kuwa ndiyo nafsi zetu. Humo huzaliwa majivuno, uchu, chuki na kung'ang'ania uhai.

Hapa isimu ina la kuchangia. Wengi husema kwamba yoga maana yake ni kuunganisha, kwa kuwa mzizi wake wa Kisanskriti, yuj, ndio uliozaa pia neno la nira. Mkulima wa Kuria anayewafunga maksai wawili kwa plau ataielewa taswira hiyo mara moja. Lakini wanasarufi wa kale wa Kihindi walitambua mzizi mwingine wa sauti hiyo hiyo, wenye maana ya kuikusanya fikira, na mfafanuzi wa kale wa Patanjali aliishika maana hiyo ya pili. Kwa hakika, mwisho wa safari ya Patanjali si kuungana bali ni kutengana: nafsi inayoshuhudia hupembuliwa kutoka katika maumbile kama wimbi unavyopepetwa ukaachana na makapi.

Safari hiyo ina hatua nane, na mkao ni ya tatu. Ya kwanza ni miiko mitano: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kuzuia ashiki na kutolimbikiza mali. Basi anayekunja miguu alfajiri na kumpunja jirani adhuhuri hajaianza yoga.

Yamkini msomaji atahoji: je, falsafa hii haimwambii maskini avumilie tu? Mkulima wa tumbaku akipunjwa bei, au msichana wa Kikuria akilazimishwa kukeketwa, mateso yao hayakuzuka akilini mwao. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali. Ni kosa kubwa kumtuliza mdhulumiwa kwa mazoezi ya pumzi ilhali dhuluma imeachwa palepale. Hata hivyo, miiko ya kutodhuru na kusema kweli inamwelekea mdhulumu kwanza. Mwaka 1906, Mohandas Gandhi na wenzake walikutana Johannesburg wakaapa kutoitii sheria ya kuwasajili Waasia. Misingi hiyo miwili ikawa silaha ya umma. Na mwaka 1956, Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuwa Makamu wa Rais wa India, aliizindua sanamu ya Gandhi katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wangapi huipita bila kujiuliza iliko mizizi ya fikira zake?

Kwa hiyo nilimjibu mwalimu yule: wafundishe. Kuijua falsafa ya wengine si kuingia dini yao, na mtaala wa shule zetu umekuwa na Elimu ya Dini ya Kihindu kwa miaka mingi. Waulize wanafunzi pia wazee wao, Wakuria na Wajaluo, walisema nini juu ya chanzo cha mateso, kisha walinganishe. Mwalike na mzazi yule aliyelalamika aje asikilize. Huenda akaondoka akiwa bado haikubali yoga, lakini angalau atakuwa anakijua anachokikataa.