Sura Iliyong'olewa

Toleo hili lilikusudiwa kuwa la juzuu ya 42 ya manga ya Berserk, na kweli nusu ya makala zake zinaihusu. Ila tangu maandishi yaanze kufika mezani kwangu nimekutana na sentensi ileile kwa waandishi watatu tofauti: hii si Berserk, maana hakuichora Kentaro Miura. Imenichosha.

Machungu yao nayaelewa. Miura alifariki Mei 2021, akiwa ameitumikia hadithi hiyo tangu 1989. Juzuu ya 41 ilitoka Desemba mwaka huohuo, ikatuacha na Griffith, msaliti mkuu wa hadithi, akidondosha machozi. Juni 2022 wasaidizi wake wa Studio Gaga wakaishika kalamu, wakisimamiwa na Kouji Mori, rafiki yake wa tangu sekondari, ambaye Miura alimsimulia hadithi hadi mwisho miaka mingi nyuma. Mori aliahidi kutoongeza lake. Anayesema mkono umebadilika hakosei: mistari imekuwa safi mno, na nyuso zimekauka mahali ambapo Miura angezitoa jasho. Mimi hilo halininyimi usingizi.

Kinachonikera ni kwamba watu haohao, wanaoapa kuwa neno la Miura ndilo sheria, ukiwatajia juzuu ya 13 watakwambia haijakamilika, katafute sura ya 83. Sura hiyo ilitoka katika jarida la Young Animal, kisha Miura mwenyewe akataka isiingie kitabuni. Haikuingia. Ndani yake Griffith, akiwa katikati ya kugeuka kuwa pepo, anakutana na mungu aliyezaliwa na matamanio ya wanadamu, na mungu huyo anamweleza mambo. Anaeleza! Watu wameliwa gizani kurasa chungu nzima pasipo kujua kosa lao, halafu anajitokeza mwenye majibu.

Isome juzuu hiyo kama ilivyofungwa. Kikosi cha Mwewe kimetolewa sadaka na kamanda wake, Griffith. Guts, shujaa wa hadithi, mkono umebanwa katika meno ya jini, mpenzi wake Casca anatendwa unyama mbele ya macho yake, naye anaukata mkono wake mwenyewe kwa upanga uliovunjika, na bado anachelewa. Hakuna anayekwambia kwa nini. Unakifunga kitabu na swali lako, na ni swali hilo linalokuvusha juzuu nyingine 29. Irudishe sura ya 83, na Griffith keshapata wakili: yalipangwa, angefanyaje? Usaliti wa rafiki unageuka kuwa kadari, na kadari haichukiwi kwa muda mrefu. Bila sura ile, alichagua. Ndiyo maana juzuu ya 42, Griffith anapomchukua Casca na upanga wa Guts kupita hewani, bado tunasaga meno, hata kama waliochora ni wengine.

Basi anayemheshimu Miura akiheshimu na kifutio chake. Na kama kusimulia kwa mdomo, kama Miura alivyomsimulia Mori, hakuhesabiki, sijui tutaiweka wapi nusu ya fasihi yetu wenyewe.

Mengine kwa ufupi. Makala kuhusu mchoraji Bosch na mashetani wa Miura ina jicho zuri. Ile ya tafsiri ina hasira inayostahili. Mwandishi mmoja alitumia ukurasa mzima kufundisha namna ya kusoma manga kuanzia kulia. Nimeufuta, kwani wasomaji wetu wengi wamepita chuoni na msahafu haukuwashinda. Aliyeandika kwamba alilia kwenye meli na Guts nimemwacha alie, sikugusa hata nukta.

Wale watatu nao wamo, neno kwa neno. Mmoja wao aliomba tuongeze muhtasari wa sura ya 83 kama kiambatisho. Sentensi mbili nilizowapa hapo juu tayari ni nyingi. Ukurasa huo nimewapa barua za wasomaji.