Makao Yetu: Lau Fedha Isingelikuwa Kizuizi

Watu wa pwani wakisha kusali Laasiri na kuketi barazani hupenda kujenga majumba kwa maneno. Mmoja hujenga Nyali, mwengine Diani, wa tatu Nungwi, na kila mmoja humzibia mwenziwe bahari kwa kupandisha ghorofa moja zaidi. Mazungumzo haya hayana madhara, wala hayatozwi kodi. Lakini tukiyasikiliza twaona ya kuwa karibu wote wataka kitu kimoja: nyumba iliyojitenga juu ya mchanga, mbele maji, nyuma minazi, na ukuta mrefu wa kuwazuilia watu. Na kwa kuwa wasomaji wetu hutuuliza sisi tungelikaa wapi lau fedha isingelikuwa kizuizi, mwezi huu twajibu. Na jawabu letu silo hilo.

Wazee wetu waliojaaliwa mali hawakuitamani nyumba ya namna hiyo. Ufuo uliokabili bahari kuu ulikuwa mahali pa kuvutia ngalawa, kuanikia nyavu na kuoshea samaki. Hewa ya chumvi hula bawaba na misumari, na upepo wa kusi hupeperusha mchanga mpaka ndani ya chungu cha wali. Matajiri wa zamani walitafuta bandari iliyokingwa na kisiwa au mkono wa bahari, au walijenga ndani kidogo. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yamo msituni, mwendo wa kilomita kadhaa kutoka bahari kuu. Na katika nyumba zake zimechimbuliwa sahani za China, alama ya watu waliokuwa na uwezo wa kukaa walipopenda.

Tena mchanga haukai pahali pamoja. Watu wa Pangani wakijua kisiwa cha Maziwe kilipokuwa na mivinje na kivuli chake. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Anayenunua kiwanja ufuoni hununua na jirani asiyetia saini hati yoyote.

Hata hivyo upepo na mchanga si sababu yetu kubwa. Sababu yetu ni maji ya kunywa. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alieleza visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, na twadhani msafiri yule alijua la kutazama anapoingia mji. Ng'ambo ya Lamu, katika kisiwa cha Manda, mlikuwa na mji wa Takwa wenye boma, msikiti mzuri na kaburi la nguzo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zitajwazo ni kuwa maji ya visima vyake yaligeuka chumvi. Husimuliwa kuwa watu wake walivuka mlango wa bahari wakahamia Shela. Hata baada ya kuhama, watu wa Shela waliendelea kwenda Takwa kuzuru kaburi lile na kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Gedi nako, kushuka kwa maji ya visima ni moja katika sababu zitajwazo za kuhamwa kwake. Basi miji hii haikukosa fedha wala mandhari.

Hapo ndipo tunapofika Shela yenyewe, ambayo leo ni ndoto ya matajiri wa dunia nzima. Wageni kutoka Ulaya wamenunua huko nyumba nyingi, wakazitengeneza kwa ustadi ambao, tuseme kweli, mara nyingine umewashinda wenyewe wa asili. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, lakini miaka 99 ni umri wa mtu, wa mwanawe na wa mjukuu wake. Hatumlaumu mnunuzi, haingii nyumbani kwa mtu pasi na mwenyewe kufungua mlango.

Linalotutia hofu ni vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya Shela. Mpita njia huona mchanga tu, na mwenye fedha huona kiwanja kilichoinuka chenye kutazama bahari pande mbili. Lakini mchanga ule ndio birika la Lamu. Mvua ikinyesha hupenya ndani yake, ikachujika, ikakaa chini kama tabaka la maji matamu lililoelea juu ya maji ya chumvi, na kutoka visima vilivyochimbwa huko ndiko maji yapelekwako mjini, ambako visima vingi vya zamani vimeingiliwa na chumvi na uchafu wa vyoo. Maji matamu yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Na choo kikichimbwa juu ya mchanga, kilichomo hufuata njia ile ile ya mvua. Kwa hiyo nyumba moja ya ndoto, ikijengwa pasipofaa na kuwa na hodhi lake la kuogelea, yaweza kuharibu ndoo ya maji ya mama aliye Langoni asiyepata hata kuiona nyumba hiyo. Twaona ajabu kwamba katika mabaraza yetu husikia bei ya kiwanja cha Shela kila wiki, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza hali ya visima.

Sisi, basi, tungelichagua nyumba ya zamani ya mawe, Mkomani, Lamu mjini, nyuma kidogo ya njia kuu. Tungelitaka daka lenye viti vya mawe viwili ambapo mgeni hupumzika kabla ya kukaribishwa, kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, na ndani yenye zidaka za chokaa ukutani. Vyumba vingelikuwa vyembamba na virefu, kwani upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haipiti sana mita tatu. Kuta nene za mawe na vichochoro vyembamba hufanya kivuli, na kivuli hicho hakilipiwi umeme. Fedha tungelizitumia kwa chokaa. Watu wengi siku hizi hupiga sementi juu ya ukuta wa zamani kwa kuwa hukauka upesi na kung'aa. Ukuta ule huzuiliwa kupumua, unyevu hubaki ndani, na baada ya masika machache lipu hubambuka pamoja na kipande cha jiwe. Mwenye kutaka kujua maji yaliyopuuzwa na matengenezo yaliyocheleweshwa hufanya nini aikumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili.

Ugumu wa nyumba kama hii hauko katika kuinunua wala kuitengeneza, bali baada ya mwenyewe kufa. Tuchukue mtu aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumuni, kila mwana thumuni mbili, kila binti thumuni moja, hesabu imetimia. Lakini nyumba haina milango minane. Mmoja yuko Dubai, mmoja Toronto, mmoja ana deni, na aliyebaki Lamu akimwuguza mama hana uwezo wa kuwanunua wenziwe. Wakifa hao, kila thumuni hugawanywa tena. Katika kizazi cha tatu hapana awezaye kuziba hata dari inayovuja bila ya kupata idhini ya watu ishirini, na dalali hujua siku ya kubisha hodi.

Watu wa zamani wa Lamu walijitahidi kuliepuka jambo hili. Baba mwenye uwezo alimjengea binti nyumba anapoolewa, ubavuni mwa nyumba ya mama au juu yake, na zikaunganishwa kwa wikio lililovuka kichochoro, wanawake wakatembeleana bila kuteremka njiani. Yakabidhiwayo katika uhai na afya hayangoji mirathi. Na wakfu hali kadhalika: wasia hauvuki thuluthi, lakini mwenye kuiweka nyumba wakfu angali mzima, kwa hati na mashahidi na msimamizi aliyetajwa, ameifunga isiuzwe. Sisi tungelikwenda kwa kadhi mwaka ule ule wa kuinunua, kabla ya kununua mazulia.

Tumeambiwa na mama mmoja wa nyumbani ya kuwa jawabu letu ni la wanaume, kwani hatukutaja hospitali, wala skuli ya mabinti, wala nani atapandisha maji ghorofa ya pili. Amesema kweli katika la tatu: pampu tungeliinunua. Katika mawili ya mwanzo, Lamu si Mombasa, na mwenye mgonjwa wa kudumu asitufuate. Huyo tungelimchagulia Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na matabibu, avumilie kelele za pikipiki.

Wasomaji walio na chaguo jengine, la Pemba, la Kilwa au la Mikindani, watuandikie nasi tutalichapa. Ila twawaomba katika barua zao watutajie kisima kiko wapi.