Kujifungia Mlango Kabla ya Hasira



Baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja wa chuo chetu hapa Mji Mkongwe aliniuliza: "Maalim, nimesikia Marekani iko sharia ya mtu kujikataza mwenyewe kununua bunduki. Si kichekesho hicho? Asiyetaka kununua si asinunue tu?"

Nikamwambia: Mwanangu, usicheke kabla ya kujua. Jimbo la Washington lilitunga sharia hiyo mwaka 2018, Virginia ikafuata mwaka 2020, na Utah mwaka 2021. Huko Washington mtu huenda kwa karani wa mahkama kwa khiari yake, akaonyesha kitambulisho na kutia sahihi. Jina lake likaandikwa miongoni mwa wasiouziwa silaha. Akibadili nia, hawezi kuitangua sahihi ile mpaka zipite siku 7.

Hikma yote imo katika siku hizo chache. Katika nchi ile, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki hujiua wenyewe. Na fikira ya kujiua mara nyingi humpanda mtu kama maji ya bamvua, kisha hushuka. Wengi waliookolewa katika saa ile hawakufa kwa kujiua baadaye. Basi anayeyajua maradhi yake huufunga mlango siku akili imetulia, ili siku ya kiza aukute umefungwa.

Kijana akasema: "Lakini Maalim, si tumekatazwa kuharimisha alichotuhalalishia Mungu?" Swali zuri. Huyu haharimishi kitu. Anajiepusha tu, kama mgonjwa wa sukari anayewaambia watu wa nyumbani wasimwekee halua. Wanavyuoni wetu wana mlango mzima wa kuziba njia ziendazo kwenye madhara. Kujiua kumekatazwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 29. Na kinachokatazwa, njia yake nayo huzibwa. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, amemuamrisha mwenye kughadhibika naye amesimama akae kitako, na isipomtoka hasira alale. Ni nini hayo, kama si kuweka nafasi baina ya mkono na hasira?

Kwetu bunduki haipatikani ila kwa leseni, na nyumba nyingi hazinayo. Lakini hasira na huzuni zimo katika kila nyumba, na panga halihitaji leseni. Nakumbuka, zamani kidogo, mtu mmoja wa shamba alinijia baada ya Isha na panga amelifunga kwa gunia. Alikuwa na ugomvi na nduguye juu ya minazi ya urithi. Akaniambia, "Maalim, niwekee. Sijiamini." Nikalitia uvunguni. Likakaa kwangu hata wazee wakawapatanisha. Ndipo akaja kulichukua, akaenda kufyekea shamba lile lile. Watu humwita shujaa anayelichomoa panga. Mimi shujaa niliyemwona ni yule aliyelileta.

Enyi wazazi! Akikujieni mtu wa nyumbani mwenu na kitu anachokiogopa mkononi mwake, akasema "niwekee," asichekwe wala asitangazwe. Ipokeeni amana, kaeni naye, msimwache peke yake, kisha mfuatane naye kwa daktari. Hapa mjini iko hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na kwenda huko si aibu, kama vile si aibu kwenda kutibiwa homa. Dua na dawa hazigombani.

Nawe kijana, ukiona nafsi yako inakuelemea, sema mapema, ungali na uwezo wa kusema. Wahenga wamenena, hasira hasara. Lakini hasara hiyo humpata zaidi aliyeona haya kuomba msaada.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote, sisi na watoto wetu. Wabillahi tawfiq.