Kuteleza kwa Ustadi: Je, Tuna Lugha Yake?

Mnamo Februari 1998, mjini Nagano, Japani, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Katika mbio za skii za kilomita 10 alimaliza wa 92, nafasi ya mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyemngoja akamkumbatia. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko au kwa huruma, na sababu itolewayo aghalabu ni moja: Mwafrika na theluji wapi na wapi! Huo ni uvivu wa fikra, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeuchangia.

Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mapafu hayakuwa tatizo lake. Alianza kujifunza skii nchini Finland mwaka wa 1996 tu, na mwendo wenyewe unakinzana na mbio. Skii imepinda mithili ya upinde, na nta ya kushika theluji hupakwa katikati. Mchezaji asipouhamisha uzito wake wote juu ya mguu mmoja, nta haigusi theluji, na mguu hurudi nyuma bure. Tena yampasa akanyage mapema, wayo ungali chini ya nyonga. Mkimbiaji amezoea kujisukuma mguu ukiwa umekwisha kupita nyuma. Kisha atulie juu ya mguu wa pili hadi kasi ianze kufifia. Mkimbiaji hana subira hiyo.

Hayo yote yamesemeka kwa Kiswahili bila kukopa ila jina la kifaa. Tatizo li katika kitenzi. Kwetu kuteleza ni ajali, hata ya ulimi; tumtajapo Boit kuwa mtelezaji, tumekwisha kumhukumu. Mimi napendekeza kuserereka.

Wasiosadiki na wafike Eastlands siku ya Jumapili. Barabarani Buruburu au Umoja, vijana waliovaa viatu vya magurudumu huegemea mguu mmoja, husukuma kwa ukingo, huhamisha uzito. Wao husema kuskeiti, na hukosoana kwa makini kuliko watangazaji wetu wengi. (Wahadhiri watakaoghadhibika kwa sababu ya Sheng wasikilize kwanza.) Chama chetu kimeandaa makongamano mengi ya istilahi kumbini. Lijalo lifanyike huko, tukiwa na madaftari, na vijana hao ndio wawe wahadhiri.