Mayai ya Bata Chini ya Kuku

Juma hili tuseme habari ya mayai ya bata. Wengi huyaweka chini ya kuku, maana kuku ni mlezi mwaminifu. Lakini siku ya 21 ikipita bila mlio, huyatupa jalalani wakidhani ni mayai viza. Kumbe ndani mna watoto hai! Kuku huangua kwa siku 21, bata wa kawaida kwa siku 28, na yule bata mkubwa mwenye uso mwekundu wa manundunundu, ambaye asili yake ni Amerika, kwa siku 35 hivi. Basi andikeni tarehe mlangoni kwa mkaa.

Koo mmoja apewe mayai 8 au 9 tu, yasiyozidi juma moja, wala yasioshwe. Kiotani nyunyizeni majivu, maana utitiri humfukuza upesi. Siku 35 ni nyingi kwake: kila siku atolewe ale, anywe, anyooshe miguu. Yai la bata ni zito. Asipoweza kuligeuza, ligeuzeni ninyi asubuhi na jioni.

Usiku wa siku ya 10, shikeni yai mbele ya tochi. Mkiona mishipa myekundu kama mizizi, lirudisheni. Likiangaza tupu, liondoeni.

Wakitoka, msiwaache kuogelea siku za kwanza. Hawakupata mafuta ya mama bata manyoyani, hulowa na kufa kwa baridi. Baadaye wakiingia mtoni, kuku maskini atapiga kelele ukingoni. Mwacheni, atazoea.