Usikubali dipoziti zikukimbize barabarani

Mwezi mmoja kabla ya Pasaka tulikaa watano hapa ofisini kupanga safari ya Tanzania kwa gari. Siku nne. Kufikia jioni orodha ilikuwa imejaa: Arusha, Ngorongoro, Mto wa Mbu, chemchemi za Chemka, maporomoko ya Materuni, Marangu, kisha turudi nyumbani kupitia Holili na Taveta. Na kwa sababu kutuma pesa ni kubonyeza tu, tulikuwa tumeshalipa dipoziti za malazi sehemu tatu kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo tulipoharibu mambo. Tunasema hivi ingawa kazi yetu ni kurahisisha malipo: dipoziti iliyolipwa mapema mno hugeuka kuwa dereva wa pili ndani ya gari, na huyo dereva hana huruma.

Siku ya kwanza ramani ya simu ilituambia saa tano. Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 160, kutoka hapo hadi Arusha ni kama 110. Nani angeogopa hiyo? Lakini ramani haikujua foleni ya Kitengela Ijumaa Kuu. Haikujua pia kwamba gari la mwenzetu lilikuwa bado na mkopo, na forodha wangetaka barua ya benki ya kuruhusu livuke mpaka. Namanga siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na hilo limesaidia sana, lakini bado kuna dirisha la uhamiaji, kisha la forodha kwa kibali cha muda cha gari, kisha mtu anauliza bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Barua ya benki tulikuja kutumiwa kwa simu, tukatafuta mahali pa kuichapisha. Saa mbili na nusu zikaenda.

Tulitoka mpakani jua likianza kuteremka. Busara ilikuwa kulala hapohapo Namanga. Hakuna aliyetamka hilo, maana chumba cha Arusha kilikuwa kimeshalipiwa. Baada ya Longido giza likatukuta, ng'ombe wakivuka barabara, na dereva wetu akasinzia. Sekunde chache tu, magurudumu yakagusa kokoto za kando, sote tukapiga kelele. Tulifika Arusha salama, lakini hakuna aliyekula usiku ule.

Kwa hivyo tunaposema panga mwendo unaowezekana, hatusemi tu kuhusu kupumzika. Mtu aliyechelewa huendesha vibaya. Upande wa Tanzania utakuta vibao vya 50 kwenye karibu kila makazi, na trafiki wenye kamera wanajua kabisa wewe ndiwe unayekimbilia loji. Faini imezoeleka kuwa Sh30,000 za kule kwa kosa, na hulipwa kwa namba maalum ya malipo ya serikali. Omba hiyo namba. Usimwekee mtu noti mkononi.

Ushauri wetu ni kuhesabu saa, na kilomita uziache. Chukua muda wa ramani, siku ya kuvuka mpaka ongeza angalau nusu yake, na uwe umeegesha gari kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hesabu ikikataa, toa kitu kwenye orodha. Usiibe saa za usingizi.

Ngorongoro, kwa mfano, si mahali pa kupitia. Kutoka Arusha hadi lango ni karibu saa tatu, kushuka ndani ya kreta kunataka gari la magurudumu manne yanayovuta, na magari lazima yawe yametoka kabla ya jioni kuingia. Hiyo ni siku nzima, na inafaa kulala Karatu usiku wa kabla na usiku wa baadaye. Mwenye siku nne kutoka Nairobi achague: aidha Ngorongoro, au Moshi na vijiji vya chini ya Kilimanjaro. Vyote viwili, hapana.

Kuna wanaotuambia, "Nimeshalipia mafuta na bima, lazima nione kila kitu." Tunaelewa, pesa hazikuokotwa. Lakini sisi Materuni tulikaa chini ya saa moja. Kuna matembezi ya kupanda hadi kwenye maporomoko, kisha wenyeji wanakuonyesha kahawa kutoka kuchumwa hadi kikombeni, mnatwanga mkiimba. Sisi tulipiga picha kwenye njia, tukageuka. Pesa ya mwongozaji tulilipa yote.

Sasa kuhusu malipo yenyewe. Lipia mapema usiku wa kwanza peke yake, labda na mahali panapojaa haraka msimu wa likizo. Kabla ya kutuma, uliza kwa ujumbe wa maandishi: nikichelewa siku moja, dipoziti inahamishwa au imepotea? Jibu likija kwa simu ya mdomo tu, subiri. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba yako ya siri, na kama loji ni biashara lakini unaambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, uliza kwa nini. Washa rominga ukiwa bado Kenya ili ujumbe wa miamala ukufikie, angalia ada za kutuma nje ya nchi, na ubebe shilingi za Tanzania za kutosha siku mbili, maana muuza ndizi wa Mto wa Mbu hana haja na programu yako.

Dipoziti ya loji ya pili hatukurudishiwa. Haikuwa kosa lao, masharti yalikuwa pale, sisi ndio hatukusoma.

Agosti tunarudi. Tutalala Moshi usiku wote minne, dipoziti moja. Mwenzetu mmoja bado anauliza kama Chemka haiwezi kuingia Jumamosi asubuhi kabla ya Marangu. Tumemwambia tutaona tukifika.